Sare mpya inapomwasha mtoto

Shule zimefunguliwa Januari. Mama mmoja wa Mbwara amejinyima hadi akapata sare ya mwanawe wa darasa la kwanza: shati jeupe na kaptula ya buluu. Siku ya tatu mtoto anajikuna hadi usiku. Jirani anasema ni upele, mwingine anasema ni joto. Bibi yake anasema, "Hebu mvue kwanza tumwangalie."

Bibi yuko sahihi. Mahali vipele vilipo husaidia kujua chanzo. Upele unaoambukiza hupenda katikati ya vidole, na mara nyingi watu wengine nyumbani nao hujikuna. Fangasi huweka alama za duara. Mzio wa nguo, au aleji, hufuata pale nguo inapobana na jasho linapokaa: kwapani, shingoni, kiunoni na mapajani. Uso na viganja mara nyingi hubaki salama. Kipele kimoja chini ya kitovu kinaweza kusababishwa na kifungo cha chuma chenye nikeli.

Kitambaa kipya hutoka kiwandani na kemikali. Formaldehaidi hutumika kuzuia mikunjo. Baadhi ya rangi za poliesta, hasa za buluu na nyeusi, hazishiki vizuri; jasho huzitoa na kuzipeleka kwenye ngozi. Ndiyo maana nguo mpya inaweza kuwasha kuliko ya mtumba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Japani ina sheria tangu 1973, na nguo za watoto wa chini ya miezi 24 hazitakiwi kukutwa na formaldehaidi zinapopimwa.

Mzazi afanye nini? Kabla ya kuivaa, fua nguo mpya mara mbili kwa sabuni ya kawaida, suuza mpaka maji yawe safi, kisha anika juani. Hii hupunguza formaldehaidi. Rangi ya poliesta haitoki yote, kwa hiyo mvalishe mtoto fulana na chupi ya pamba ndani. Kifungo cha chuma kishonewe kitambaa kwa nyuma.

Akiwa tayari anawashwa, mwache bila nguo hiyo kwa wiki mbili. Zungumza na mwalimu avae sare ya zamani kwa muda. Vipele vikipungua, kisha vikarudi ndani ya siku moja au mbili baada ya kuivaa tena, umeshajua chanzo.

Usinunue ovyo krimu za kuondoa muwasho. Nyingi zina steroidi, na zikitumiwa muda mrefu hudhoofisha ngozi ya mtoto.

Vipele vikitoa usaha, mtoto akipata homa, au muwasho usipopungua, mpeleke zahanati na ichukue nguo yenyewe ukamwonyeshe mganga. Uso ukivimba au akihema kwa shida, usisubiri kesho.