AKILI YA MITAMBO KWA WATAKAO KAZI YA ZIMAMOTO

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe fikira zangu juu ya jambo lituhusulo sisi makarani kuliko tunavyodhani. Vijana wengi, wamalizapo shule, hutujia ili tuwasaidie kuandika barua za kuomba kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nasi hushika kalamu tukaandika kwamba kijana huyu ana afya njema, ana mbio, hana woga, na cheti chake ni hiki. Ni maneno mema, lakini hayatoshi. Kuzima moto ni kazi ya nguvu, naam. Lakini kwanza ni kazi ya kufahamu jinsi vitu visukumavyo na kuvutana, na kijana asiyefahamu hayo, nguvu zake zaweza kumwua yeye na wenzake.

Katika miji mingi ya Marekani mwombaji wa kazi hii hutahiniwa kwa picha za kapi, nyenzo na magurudumu yenye meno, aseme lipi litazunguka upande gani. Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya nchi za viwanda. Mimi naona kwamba yanatakiwa zaidi hapa kwetu, kwa kuwa maji yetu ni machache. Mvua ya Dodoma kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mji hutegemea sana visima vya Makutupora. Chukua gari la zimamoto lenye lita 5,000. Likifungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 250 kwa dakika, maji yamekwisha kwa dakika 10. Hesabu hiyo mtoto wa shule aiweza. Lakini sharti aifanye kabla ya kufungua maji, si baada yake.

Sasa maji ya garini yamekwisha, na karibu pana kisima au lambo. Kijana ateremsha mpira wa kunyonyea, awasha pampu. Watu wengi hudhani kwamba pampu huyavuta maji kama mtu avutavyo kamba. Sivyo. Pampu huiondoa hewa iliyomo ndani ya mpira tu; kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa ya nje, ukandamizao uso wa maji. Galileo aliandika mwaka 1638 habari ya bomba lililoshindwa kupandisha maji kupita mita 10 hivi, wala hakuipata sababu yake ya kweli; mfuasi wake Torricelli ndiye aliyeionyesha miaka michache baadaye. Na mwaka 1648 shemeji yake Pascal, kwa kuagizwa naye, aliupanda mlima wa Puy de Dôme katika Ufaransa akichukua bomba la kioo na zebaki: alipofika juu aliiona zebaki imeshuka, kwa kuwa huko hewa ina uzito mdogo kuliko bondeni.

Mtu atauliza, mlima wa Ufaransa watuhusu nini? Watuhusu sana. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Pwani, hewa yaweza kuyasukuma maji yapande mita 10 na kidogo. Hapa yapata mita 9 tu. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Katika kazi yenyewe, kwa ajili ya viungo vinavyovuja hewa, joto na msuguano, mwenye busara hategemei zaidi ya mita 6 au 7. Tena kumbukeni kwamba zamani zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri za miji, lakini tangu Sheria ya mwaka 2007 ni jeshi moja la nchi nzima. Askari aliyezoea maji ya Dar es Salaam aweza kuhamishiwa kwetu leo. Akiiweka pampu mita 8 juu ya maji, ataizidisha mashine moto mpaka ilie, na tone halitapanda. Atasema pampu ni mbovu, kumbe dawa ni kuishusha pampu iyakaribie maji. Ndiyo sababu visima virefu huwekewa pampu chini kabisa, ndani ya maji, isukume badala ya kunyonya.

Kusukuma nako kuna sheria yake. Kila mita 10 za kwenda juu hula mkazo wa baa moja hivi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, majengo marefu yanaota kama uyoga, na moto wa ghorofa ya kumi hauzimwi kwa mkazo uliotosha duka la chini. Tena maji yatokayo mbele humsukuma mtu nyuma: mpira utoao lita 500 kwa dakika kwa mkazo wa baa 7 humrudisha aushikaye kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 30. Asimame mguu mmoja mbele, na mwenzake nyuma yake.

Habari ya kapi na mtaimbo sitairefusha. Kamba ikipita kapi hata mzigo ukabebwa na nyuzi nne, mtu wa kilo 70 aliyetumbukia kisimani apandishwa kwa nguvu kama ya kilo 18, na zaidi kidogo kwa msuguano. Lakini kumpandisha mita 10 sharti uvute mita 40 za kamba. Aliyekuja na kamba ya mita 20 amekuja kutazama. Nasi wa mkoa huu hatujasahau Igandu, tarehe 24 Juni 2002, gari moshi la abiria liliporudi nyuma mteremkoni likagongana na la mizigo, wakafa watu zaidi ya 200. Mahali kama pale, kuinua chuma kilichombana mtu bila kujua egemeo liko wapi ni kumponda mara ya pili.

Wala tusidhani kwamba akili hii ni ngeni. Mzee wa Kigogo aliyejenga tembe ajua nguzo ipi imebeba udongo wa paa, na ya kuwa ikiungua hiyo paa lote hushuka. Mwuliza mtihani akianza na tembe, kijana atajibu. Akianza na maneno ya kukariri kwa lugha ya kigeni, atapata mtu wa kukariri.

Naomba basi chama chetu kitenge jioni moja kila juma kuwafundisha vijana hawa kabla hatujawaandikia barua. Tununue kapi mbili, kamba, mtaimbo, na mpira mgumu uonyeshao ndani wa mita 12. Mpira ujazwe maji, uzibwe juu, upandishwe ukutani wima, mdomo wa chini ukiwa ndani ya ndoo: kila mmoja ataona kwa macho yake maji yakishuka na kusimama karibu na mita 9. Ukuta wa ofisi yetu ni mfupi. Mwanachama ajuaye jengo la ghorofa nne ambalo mwenyewe atakubali tulitumie Jumamosi moja, na amwarifu katibu.

Wasalaam,
Karani, Dodoma.