Mirathi na Usimbaji



Wiki hii nina ushauri niliompa mtu, nami nataka kuurudisha mbele yenu.

Ndugu yangu mdogo ana duka la nguo mjini Embu. (Najua sisi watu wa pwani tukisikia Embu hutujia muguka kwanza; lakini kuna misikiti kule na watu wa dini, na Meru kadhalika.) Binti yake yuko Gredi ya 9, na mwakani ataingia sekondari pevu, ambako mtoto huchagua mmoja wa mikondo mitatu. Yeye ataka mkondo wa sayansi na teknolojia, asome kompyuta. Babake aliponipigia simu nilimjibu upesi: mtoto wa kike na mashine za intaneti ni fitina, mchagulie jingine. Sikuuliza hata kinachosomeshwa.

Mwezi uliopita nilialikwa arusi Meru, nikapitia Embu. Binti akaniletea daftari. "Ami, tazama kwanza, kisha unikataze." Mashine haikuwapo. Shuleni kwao vishikwambi vichache vimefungiwa stoo, betri zimekufa, na mwalimu asomesha ubaoni. Binti alikuwa ameandika hatua za kupokea buni kiwandani: tazama buni, ikiwa mna mbichi, mrudishie mkulima achambue, ikiwa ni nyekundu tupu, pima, andika uzito, akiwapo mwingine kwenye foleni, rudi hatua ya kwanza, asipokuwapo, jumlisha.

Nikamwambia: "Mwanangu, hii ni faraidhi."

Aliyesoma mirathi ataelewa. Mtu amekufa, ameacha mke, wazazi wawili na binti wawili. Kwa kuwa ana watoto, mke apata thumni na kila mzazi sudusi. Mabinti, kwa kuwa ni wawili na hawana ndugu wa kiume, wapata thuluthi mbili. Asili ya hesabu ni 24: mke 3, wazazi 4 na 4, mabinti 16. Jumlisha, utapata 27. Mafungu yamezidi mali! Hapo yaja hatua nyingine, nayo ni auli: mafungu yakizidi, gawanya kwa jumla yake. Mali yakatwa mafungu 27, na thumni ya mke yageuka tusui. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akalijibu papo hapo. Ndiyo maana laitwa suala la mimbari.

Kuligawa jambo vipande, kuzipanga hatua, kuuliza "ikiwa" na "isipokuwa" kwa utaratibu ambao mwingine akiufuata atafika pale pale: huko ndiko kufikiri wanakofundishwa watoto kabla ya usimbaji wenyewe, yaani kuandika maagizo ambayo kompyuta itayafuata. Wala si kugeni kwetu. Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, ndiye ambaye jina lake limezaa neno algorithimu, na kitabu chake kilicholeta neno aljebra kina sehemu kubwa ya wasia na mirathi.

Serikali yetu imeanza zamani kidogo. Iliahidi vipakatalishi mwaka 2013, ikagawa vishikwambi kuanzia 2016, na mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ikaidhinisha silabasi ya usimbaji kwa shule za msingi na za sekondari. Vifaa vilitangulia, walimu wakafuata nyuma, na si kila shule hulitoa somo. Kwa hiyo mama, kabla ya kujaza fomu, nenda shuleni uulize: yupo mwalimu wa kompyuta? Chumba kina umeme? Mtoto atagusa mashine mara ngapi kwa wiki? Na ukiogopa intaneti, una haki. Uliza nani husimamia chumba hicho. Maswali hayo nilipaswa kuyauliza mimi.

Nimeshampigia ndugu yangu na kumwambia nilikosea. Akanijibu, "Kaka, mamake alishanikatalia ushauri wako tangu siku ile." Sasa kuna shule mbili wanazozipima, moja Embu na moja Meru, na ya Meru ndiyo yenye mwalimu. Binti naye amenitaka nimsomeshe mirathi kwa simu kila Ijumaa baada ya Alasiri. Tumefika kwenye fungu la dada.