Sitatuma hela ya kumkalisha mtu nyumbani

Najua nimekuwa kimya, wengine mmeshaanza kunitania kwamba Malkia kaniachia urithi. Hapana jamani, ni zamu tu. Leo nimetoka kazini saa mbili asubuhi baada ya usiku mzima wodini, nikapanda basi namba 50 kurudi Kings Heath, na humo ndani ya basi nikafungua ujumbe wa sauti wa Baba mkubwa, dakika saba. Nimefika nyumbani usingizi umekwisha. Kwa hiyo leo hakuna picha za theluji wala hadithi za wabeba maboksi. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa ukoo. (Mhusika nimempigia simu kwanza, amesema niandike.)

Kwa wasiojua: mdogo wangu, mtoto wa Mama mdogo, ana kifafa tangu akiwa darasa la tano. Amesoma, ana cheti chake cha ugavi, na kwa miaka minne amekuwa karani wa stoo kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi pale Morogoro mjini. Miaka yote hiyo hakuanguka hata mara moja. Wiki mbili zilizopita alianguka kazini, mbele ya wateja, kama dakika mbili hivi. Alipozinduka akakuta wamemwekea kijiko mdomoni na jino limevunjika. Kesho yake bosi akampa mshahara wa mwezi na maneno mazuri: nenda kapumzike, Mungu atakusaidia, hapa tunaogopa utakufa mikononi mwetu. Barua hakuna.

Basi Jumapili ukoo ukakaa kikao. Mmeamua arudi Mahenge akakae shambani, asitafute tena kazi za watu asije kutuaibisha, na mimi niliye Ulaya nitume shilingi elfu themanini kila mwezi za kumtunza.

Shikamoo Baba mkubwa. Wewe ndiye uliyenilipia nauli ya kwenda chuoni Dar, sijasahau. Lakini jibu langu ni hapana. Sitatuma hata senti moja ya kumkalisha kijana wa miaka ishirini na tisa chini ya mwembe. Na naomba nieleze kwa nini, hapa hapa hadharani, maana najua kikao kilikuwa na watu wengi na mimi sikuwepo.

Nyote mnasema mnamwonea huruma. Bosi naye anasema anamwonea huruma. Huruma gani hii ambayo ikimaliza kazi yake mtu hana mshahara, hana bima ya afya ya kazini, hana chumba cha kupanga, na anarudi kuomba hela ya sabuni kwa mama yake? Angekuwa mwizi wa saruji angalau angeitwa kikao cha nidhamu akajitetea. Yeye kosa lake ni kuumwa, hata kujitetea hakupewa.

Sasa niwaambie ninachokiona huku. Kwenye wodi niliyowahi kufanya kazi tulikuwa na msaidizi wa wauguzi, mama mmoja wa Kijamaika, mwenye kifafa. Siku moja alianguka kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Tukamlaza ubavu, tukamwekea nguo laini chini ya kichwa, tukatazama saa, tukasubiri. Hakuna kijiko, hakuna kumkandamiza. (Tafadhalini sana, mtu aliye kwenye degedege hawezi kumeza ulimi wake! Mkiona imepita dakika tano, hapo ndipo mkimbilie hospitali.) Wiki iliyofuata sista mkuu wa wodi alikaa naye, wakapelekana kwa daktari wa afya kazini, wakagundua kinachomwangusha ni zamu za usiku, maana kukosa usingizi ni adui mkubwa wa mwenye kifafa. Wakamwondoa usiku. Wakasema asimwogeshe mgonjwa akiwa peke yake. Basi. Yule mama bado anafanya kazi, na kwa maneno yake mwenyewe, ana lawama nyingi dhidi ya hospitali ile lakini si hiyo.

Msidhani ni wema wa Wazungu. Ni sheria. Inaitwa Sheria ya Usawa ya 2010, na kabla yake ilikuwepo ya 1995. Ndani yake kifafa kwa kawaida kinahesabiwa ulemavu hata kama dawa zimekituliza kabisa, kwa sababu wanauliza: bila dawa mtu huyu angekuwaje? Mwajiri analazimika kufanya marekebisho yanayowezekana kazini. Na isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, haruhusiwi kukuuliza habari za afya yako kabla hajakupa kazi. Serikali ina mpango uitwao Access to Work ambao unaweza hata kulipia teksi ya kwenda kazini kwa asiyeweza kutumia usafiri wa umma. Dawa za kifafa ni bure, na aliyekatazwa kuendesha gari kwa sababu ya ugonjwa anapewa kadi ya basi ya bure.

Kukatazwa kupo, tusidanganyane. Ukiwa na kifafa, kwa kawaida unakaa mwaka mzima bila kuanguka ndipo urudishiwe leseni ya gari dogo. Lori na basi ni miaka kumi bila kuanguka na bila dawa. Jeshini wamejitoa kwenye kipengele hicho cha sheria. Mimi ni muuguzi, siwezi kuwaambieni kwamba mwenye kifafa apande minara ya simu. Lakini angalieni namna swali linavyoulizwa: kazi ipi, sehemu ipi ya kazi, hatari ipi, tuipunguzeje. Haliulizwi kwamba mtu huyu ni wa kufaa au wa kutupa. Mdogo wangu kazi yake ni daftari, kompyuta na kuhesabu misumari. Hatari iliyopo ni ngazi ya kufikia rafu za juu. Kijana mwingine apande ngazi, kwisha habari!

Wala Birmingham si peponi. Kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee nilikoanzia maisha, kulikuwa na dada mmoja wa Afrika Mashariki aliyeanguka mara moja tu. Hawakumfukuza. Walimpunguzia zamu, kutoka tano kwa wiki hadi tatu, hadi moja, mpaka akaondoka mwenyewe. Nilimwambia aende kwa washauri wa Citizens Advice, akakataa. Alikuwa na viza ya kazi na aliamini akifungua mdomo atarudishwa kwao. Sheria ile haimuulizi mfanyakazi pasipoti yake, lakini hofu inauliza. Nimeshakutana na wenzetu kadhaa hapa mjini wanaomeza vidonge chooni kwa siri, wanawaambia wenzao ni vitamini.

Na hapa lazima nijiseme na mimi. Mdogo wangu alipokwenda kwenye usaili miaka minne iliyopita, aliniuliza aseme au asiseme. Nilimjibu asiseme. Muuguzi mwenye digrii! Sasa sikilizeni kilichomwangusha: pale kliniki dawa yake ya kabamazepini ilikuwa imeisha, akaambiwa arudi wiki ijayo. Kuomba ruhusa kazini aende kutafuta mahali pengine kulimaanisha kueleza ni dawa ya nini. Akanyamaza. Siku tano bila dawa, ya sita akaanguka. Na kwa kuwa hakuna aliyejua, hakuna aliyejua kwamba kijiko hakitakiwi. Jino lile nalidaiwa mimi.

Baba mkubwa umesema kwenye ujumbe wako kwamba haya mambo ya haki ni ya Wazungu, sisi tuna desturi zetu. Hapo ndipo usingizi uliponitoka kabisa. Sisi wa Mahenge ndio wa kusema hivyo? Sisi ndio tuliotengewa daktari! Mwaka 1960 yule mama wa Kinorwe, Dkt. Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa pale pale Mahenge, kwa sababu alikuta Wapogoro wengi wanaumwa, wamefichwa vibandani, wanakula sahani zao peke yao kwa imani kwamba mate yao yanaambukiza, wana makovu ya kuangukia motoni. Aliwapa vidonge, na watu waliokuwa wamefichwa wakarudi kulima na kuoa. Bibi alikuwa anatusimulia. Leo watafiti wameonyesha kwamba kwetu kifafa kimekithiri kwenye vijiji vyenye usubi, wale nzi wa mitoni. Si laana. Na hakiambukizwi kwa mate, kwa sahani wala kwa kumshika anayeanguka.

Na kuhusu desturi, mnajua Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 iliandika kwamba ndoa inaweza kubatilishwa kama mmoja alikuwa na kifafa cha kujirudia wakati wa kufunga ndoa? Maneno hayo hayakutoka kwa mababu zetu wa Ulanga. Yalikuwa kwenye sheria za Uingereza. Na mwaka huo huo, 1971, Waingereza wakayafuta kwao. Wao walitupa, sisi tukaokota, na leo tunaita desturi.

Tena sheria nzuri tunazo, zimekaa kwenye makabati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na cha 37 kinasema ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka mwajiri mwenye watu ishirini na zaidi awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu, na inaeleza ulemavu kwa upana, kwamba ni kukosa nafasi sawa na wengine katika maisha ya kawaida kwa sababu za mwili, za akili au za kijamii. Mtu aliyefukuzwa kwa sababu watu wanaogopa degedege, hiyo kama si sababu ya kijamii ni nini? Mwajiri wake atabisha, sawa, abishe mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Ila Tume ina siku zake. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika ndani ya siku 30. Leo ni siku ya kumi na nne, na Jumapili nzima mmeitumia kujadili nani atampisha chumba Mahenge.

Kwa hiyo naomba hivi. Mjomba, wewe unaijua Morogoro mjini na huna haya ya kuongea na wakubwa: Jumatatu mpeleke ofisi ya Tume, mchukue fomu, mjaze siku hiyo hiyo. Aende na hati za malipo za miezi yote aliyonayo na kadi ya kliniki. Asisaini karatasi yoyote ya bosi kabla ya hapo. Mama mdogo, nimekutumia kwenye M-Pesa hela ya kabamazepini ya miezi mitatu na ya daktari wa meno, na ya nauli yao wawili. Hiyo nitaendelea kutuma kila ikihitajika, na wakili akitakiwa nitafanya zamu za ziada.

Elfu themanini za mwembe sina. Baba mkubwa, najua utanipigia. Mpaka saa kumi jioni ya huko nitakuwa nimelala, baada ya hapo piga tu, nitapokea.