Sikiliza Kifua cha Mtoto

Masikio yetu ni hodari. Mtu wa Kilosa husikia treni kabla haijafika stesheni. Mtu wa Mikumi husikia tembo akivunja mahindi usiku, naye huamka mara moja. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wanavijiji walikaa vikundi kwa vikundi wakasikiliza redio na kujifunza.

Lakini je, tunasikiliza pumzi ya mtoto aliyelala kando yetu? Maoni yangu ni kwamba bado. Mtoto akikohoa tunasema, "Ni mafua tu." Kumbe huenda ni nimonia, yaani homa ya mapafu. Ugonjwa huu huua watoto wadogo wengi.

Fanya hivi. Zima redio. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue kifua. Shika saa, uhesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Hatari ni hizi:

Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi 5: pumzi 40 au zaidi.

Ukiona hivyo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Akiguna kila anapopumua, kifua kikibonyea, au akishindwa kunyonya, usingoje kuche.

Kazi hii si ya mama peke yake. Baba naye ahesabu.

Tembo akila mahindi, tutapanda tena. Mtoto akifa, harudi.