Si Sistimu Imekataa, Ni Mipangilio

Wasee, kuna jibu moja linaniudhi kuliko yote: "Sistimu imekataa." Unaambiwa kwa kaunta, unaambiwa kwa simu, na anayekuambia ashamaliza kazi yake. Sistimu haikatai kitu. Kuna mtu aliandika kanuni, mwingine akaweka kiwango, mwingine akaipakia kwenye seva.

Naongelea zile programu ambazo mabenki, sacco na kampuni za bima hutumia kuamua nani apate mkopo na bili ipi ilipwe. Kanuni zimetengwa na kodi ya programu ndio mtu wa biashara azibadilishe bila kungoja developa. Wazo poa. Lakini makosa nayo yamehamia huko kwa mipangilio, na mainjinia wakiitwa bado wanakimbilia kodi.

Angalia Knight Capital, kampuni ya hisa ya Marekani. Walikuwa na seva nane. Kabla ya tarehe 1 Agosti 2012, saba zikawekewa programu mpya, moja ikaachwa. Hiyo moja ilikuwa na kazi ya zamani inaitwa Power Peg, haijatumika tangu 2003 lakini hakuna aliyeifuta. Halafu swichi iliyokuwa ikiiwasha Power Peg ndiyo hiyo hiyo programu mpya ilipewa. Soko likafunguliwa, seva saba zikafanya kazi fiti, ya nane ikaanza kununua na kuuza kama imerogwa.

Sasa skiza hii. Wakitafuta kosa, waliondoa programu mpya kwenye zile saba zilizokuwa sawa! Zote nane zikashikwa na wazimu. Dakika 45, hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Na asubuhi hiyo, kabla soko lifunguliwe, sistimu ilikuwa imetuma barua pepe 97 zikiitaja Power Peg. Hakuna aliyezishughulikia.

Mtasema dropout anafundisha mainjinia. Sawa tu. Swali la kwanza si "nani aligusa kodi?" Ni: mashine inayofanya vizuri na inayokosea zinatofautiana wapi? Kila moja inasoma toleo gani la kanuni? Kisha chukua kesi moja, ya mtu mmoja aliyekataliwa, uone ni kanuni gani iliyomgonga. Mara nyingine ni mbili, na mpangilio wake si ule uliodhani. Kwenye Drools, kwa mfano, kanuni usiyoipa kipaumbele inahesabiwa 0, kwa hivyo yenye namba kubwa zaidi inaitangulia hata kama umeiandika chini kabisa ya faili.

Na tafadhali, wacheni kuzima na kuwasha kabla ya kusoma logi. Hiyo ni kufagia mahali pa ajali kabla polisi wafike.

Knight walipoteza pesa zao wenyewe, kwa hivyo dunia nzima ilijua kabla ya chakula cha mchana. Mwaka wa 2013 wakapigwa faini ya dola milioni 12. Lakini mama wa duka akikataliwa mkopo juu mtu aliongeza sifuri kwenye kiwango cha mapato, nani anapiga kelele? Kampuni haijapoteza kitu inachoweza kuona. Anaondoka akidhani shida ni yeye, na kosa linakaa hapo miezi likikataa wengine.

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake uangaliwe upya. Itumieni. Na ukienda usiulize "kwa nini mmenikataa?", utarudishiwa ile ile ya sistimu. Uliza ni kanuni gani, toleo la lini, na nani aliibadilisha mwisho. Wakikosa jibu, basi hata wao hawajui kwa nini walikukataa.