SANDUKU LA GIA LIKIVUNJIKA, NANI ALIPE?



Mwezi uliopita alikuja kwetu dereva mmoja wa lori, mtu wa Malakisi, akiwa na karatasi ya mshahara mkononi. Tuliisoma mara mbili. Mshahara wake ulikuwa umekatwa pesa za kununua sanduku jingine la gia, naye ameambiwa kwamba utakatwa tena miezi mitatu mfululizo. Alipouliza sababu alijibiwa kwamba yeye ndiye aliyelivunja, maana yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Jina la mwenye lori hatulitaji, kwa kuwa shauri halijaisha.

Wako watakaouliza: watu wa reli wana nini na gia za lori? Ni kweli, injini za dizeli za English Electric zilizoanza kuletwa katika reli ya Afrika Mashariki mwaka 1960 hazikuwa na gia za kubadilisha. Injini ilizungusha jenereta, umeme ukaenda kwenye mota zilizo katika ekseli, na dereva akaongeza nguvu kwa mpini. Lakini Malakisi hakuna reli. Njia ya garimoshi yapita Bungoma na Malaba, na gunia la mahindi la Malakisi sharti lipande lori kwanza. Mwenye lori akizoea kumkata dereva bila kuulizwa, na wakubwa wengine watajifunza.

Basi tulikwenda kwa fundi aliyelishusha sanduku lile. Alikuwa ameweka oili yake ndani ya debe, na tuliitazama kwa macho yetu: nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Gari likipita katika mto uliojaa, maji huweza kuingia kwa tundu la kupumulia lililo juu ya sanduku, hasa sanduku likiwa moto na kupoa ghafula. Oili iliyochanganyika na maji hailindi tena. Beringi hupata kutu, kisha hulegea. Zikilegea, meno ya gia hayakutani sawasawa. Halafu siku moja lori likiwa na mzigo mlimani meno hukatika. Jambo hilo haliji kwa siku moja.

Dereva alituambia kwamba alikwisha kutoa habari ya mlio katika gia ya tatu, tena mara mbili. Tulimwuliza alimwambia nani, na kwa njia gani. Kwa mdomo, akasema, pale getini.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Shikeni neno hilo, kusudi. Kuvaa mkanda wa dereva si kusudi, na maji ndani ya oili si kusudi. Tena makato yote pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara kwa mara moja. Lakini neno la getini halina shahidi.

Hatusemi kwamba madereva hawana makosa. Yuko anayeuacha mguu juu ya pedali ya klachi kutwa nzima mpaka pleti inaungua, na yuko anayelazimisha gia kwa nguvu kama mtu apasuaye kuni. Mbaya zaidi ni yule anayeshuka miteremko ya Elgon gia ikiwa fri ili abakize dizeli kidogo aiuze. Injini haimsaidii tena kushika gari, breki zinapata moto, na akitaka kurudisha gia katika mwendo ule inakataa. Huyo asituletee karatasi yake.

Kuhusu oili, kila dereva aweza kuipima mwenyewe. Gari lisimame mahali tambarare, injini imezimwa, mawe chini ya magurudumu. Fungua kwanza kizibo cha kujazia, kile cha ubavuni. Wengi hufungua cha chini kwanza, oili yote ikamwagika, kisha cha ubavuni kikakataa kwa kutu, na gari likalala hapo. Tia kidole: oili yapaswa kufika ukingoni mwa tundu. Kizibo cha chini kikiwa na sumaku, utakuta ujiuji mweusi wa chuma. Huo ni wa kawaida. Ukikuta vipande, usiendeshe. Wala msidanganywe dukani kwamba oili ya GL-5 ni bora kuliko GL-4 kwa kuwa namba ni kubwa. Hiyo ni ya difu hasa, na dawa zake nyingine hula shaba iliyomo katika ringi za gia. Fuateni kitabu cha gari. Magari ya otomatiki yana oili yake mbali.

Na utingo asiingie chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake. Tumezika mtu kwa ajili hiyo.

Katika reli tulifundishwa kwamba injini ina daftari lake. Dereva akisikia mlio huandika siku na mahali, fundi huandika alilofanya na kutia sahihi, na wa zamu inayofuata husoma kabla ya kuondoka. Twataka madereva wa malori wafanye vivyo hivyo, kwa nakala mbili na karatasi ya kaboni, moja apewe mwenye gari. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa, na utingo atie yake.

Daftari ishirini ziko kwa katibu wa tawi. Mwanachama aje na kadi yake na namba ya gari. La kwanza limechukuliwa na yule dereva wa Malakisi. Shauri lake litasikizwa mbele ya afisa wa kazi huko Bungoma Jumanne ijayo saa tatu asubuhi, na fundi amekubali kuja na lile debe.