Mikanda Iliyomo Sandukuni

Mwezi huu twapenda kusema na jamaa zetu wa Kasulu na Kibondo, na kila nyumba iliyorithi mkanda wa sinema wa milimita 8 uliopigwa na mzee wao: arusi, watoto wakicheza, nyuso za waliokwisha fariki. Mkanda huo hauna nakala nyingine, ukiharibika, umekwisha.

Wala tusidhani jambo hili ni dogo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa BEKE ulitengeneza sinema zipatazo 35. Zilizohifadhiwa Uingereza hata leo ni tatu tu.

Adui wa mkanda ni joto na unyevu. Ukianza kuoza hutoa harufu ya siki, kisha husinyaa na kujikunja. Hewa ya Buha ni baridi kuliko ya pwani, lakini mvua zake ni za miezi mingi. Basi usiwekwe chini ya bati wala juu ya sakafu yenye unyevu. Na uliokwisha sinyaa usipitishwe katika mashine, kwani meno yake yataurarua.

Vijana wenye mikono hodari waweza kuigeuza projekta ya zamani ili ihamishe picha katika kompyuta. Kwanza huchomoa waya wa umeme, ndipo wafungue. Taa yake ya moto huondolewa, maana mkanda ukisimama mbele yake huungua. Mahali pake hutiwa taa ndogo ya LED, na mbele yake kipande cha plastiki nyeupe kisambazacho mwanga. Pangaboi linalokatiza mwanga huondolewa pia, na mota hubadilishwa kwa iendayo polepole. Katika mhimili hufungwa swichi ndogo: kila picha itulipo dirishani, swichi huiamuru kamera, iliyowekwa mahali pa lenzi ya projekta, ipige picha moja. Baadaye kompyuta huziunganisha, 16 kwa sekunde, au 18 ikiwa mkanda ni wa Super 8.

Kazi hii yataka subira. Mkanda wa futi 50 wa milimita 8 ya kawaida una picha 4,000. Hutazamwa kwa dakika nne, lakini kuzipiga moja moja kila sekunde huchukua zaidi ya saa moja.

Hata hivyo, lililo kubwa si mashine. Picha isiyo na jina ni mgeni nyumbani mwake. Nakala ikiwa tayari, waketisheni bibi na babu, waulizeni: huyu ni nani, na hapa ni wapi? Andikeni majibu yao siku hiyo hiyo. Picha za watu wa nyumbani ni amana. Zisitawanywe pasipo idhini yao. Na mkanda wenyewe msiutupe.

Mashine yaweza kungoja mwezi ujao. Kumbukumbu ya mzee haingoji.